Mkanda wa Taimingi: Somo kwa Vikundi Vyenye Gari

Somo la leo si la kuku wala la miche. Ni la gari. Baadhi ya vikundi vya huku kwetu, kuanzia Katito mpaka Sondu na ng'ambo kuelekea Chabera, vimechoka kukodi gari kila siku ya soko vikaamua kununua la pamoja. Ni jambo la kushukuru. Lakini gari si kama ng'ombe, ambaye akiugua huacha kula na kila mtu akajua. Ndani ya injini nyingi kuna kitu kimoja ambacho mara nyingi hakitoi sauti, hakitoi moshi wala hakinuki, na siku kikikatika kinaweza kuondoka na mtaji wa kikundi. Kitu hicho kinaitwa mkanda wa taimingi.

Niliona kwa macho yangu. Kikundi kimoja cha akina mama na vijana kilikuwa kimenunua Hiace ya dizeli ya mkono wa pili, nusu kwa michango na nusu kwa mkopo. Siku hiyo tulikuwa tumebeba omena tukitoka Kisumu kuja soko la Sondu. Tulipokuwa tukipanda kutoka Katito, injini ikazima ghafla. Haikukohoa, haikutetemeka. Ilizima kama taa. Dereva akapiga staata, na staata ikazunguka kwa wepesi, kama pedali ya baiskeli iliyotoka cheni. Akasema betri iko sawa, labda ni dizeli imeingia hewa. Akapiga tena na tena, zaidi ya mara kumi. Halafu tukashuka sote tukasukuma, naye akatia gia. Tulisikia ndani kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo, basi tukaacha.

Fundi alipofika kwa pikipiki kutoka Sondu, hakugusa dizeli. Alifungua kava ya juu, mbele ya injini, akaingiza vidole na kutoa mkanda ulioliwa meno kama kitana cha zamani.

"Mama, hii mkanda ilibadilishwa lini?" akamwuliza mweka hazina.

"Mkanda gani, kijana wangu? Ile ya feni si iko pale?"

Hedi ilipofunguliwa, valvu sita kati ya nane zilikuwa zimepinda. Gari lile lilikaa chini ya mti kwa miezi minne. Mkopo haukukaa chini ya mti. Uliendelea kudai kila mwezi, na akina mama wakalipa kutoka mfuko wa merry-go-round mpaka mfuko ukaisha, na baada ya hapo wengine wakaacha kuja mikutanoni. Mkanda wenyewe ni mpira unaoweza kuubeba kwa kidole kimoja.

KAZI YA MKANDA HUU

Tuanze na kinu. Mmeona akina mama wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mmoja anapandisha mchi, mwingine anashusha, na wimbo ndio unaowapa wakati. Wimbo ukikatika, michi inagongana.

Ndani ya silinda ya injini ni hivyo hivyo. Pistoni hupanda na kushuka. Juu yake kuna valvu, ambazo ni vifuniko vidogo vya chuma vinavyofunguka kuingiza hewa na kufunguka tena kutoa moshi. Pistoni zinashikwa na krankshafti iliyo chini. Valvu zinasukumwa na kamshafti, ambayo katika injini nyingi iko juu. Mkanda wa taimingi ndio wimbo: una meno upande wa ndani, unashika puli ya chini na puli ya juu, ili moja isitangulie nyingine hata kwa jino moja. Katika dizeli nyingi unazungusha pia pampu inayopeleka dizeli kwa silinda kila moja kwa zamu yake.

Injini hizi hufanya kazi kwa mipigo minne: kuvuta hewa, kuibana, kuwaka, kutoa moshi. Katika mipigo hiyo minne krankshafti huzunguka mara mbili na kamshafti mara moja tu. Ndiyo sababu puli ya juu ina meno mara mbili ya puli ya chini. Injini ikienda mizunguko 2,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida tu, kila valvu inafunguka na kufunga mara 1,000 katika dakika hiyo moja. Hesabu mwenyewe kutoka Sondu mpaka Kisumu.

Sasa fikiria mkanda umekatika. Kamshafti inasimama, na valvu zilizokuwa wazi zinabaki wazi. Lakini gari bado linatembea, na magurudumu yanaendelea kuzungusha krankshafti, kwa hiyo pistoni inapanda na kuikuta valvu njiani. Katika dizeli hali ni mbaya zaidi, kwa sababu dizeli huwaka kwa kubanwa. Katika injini za Hiace za zamani hewa hubanwa mara 22 hivi, yaani pistoni ikifika juu haibakizi nafasi karibu yoyote. Valvu hupinda. Wakati mwingine kamshafti hukatika au pistoni hutoboka.

Mashine ya posho kijijini ina mkanda pia, lakini huo ni mwingine. Ukikatika, kinachosimama ni kusaga tu, unashona au unanunua mwingine. Nadhani ndiyo sababu watu wengi hawauogopi mkanda wa gari: wamezoea ule wa posho.

GARI LENU LINA MKANDA AU CHENI?

Si kila gari lina mkanda huu. Probox zinazobeba watu na mananasi hapa Sondu, zile za petroli zenye injini ya 1NZ au 2NZ, zina cheni ya chuma. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa kama mkanda. Inataka oili safi ibadilishwe kwa wakati, na ikianza kulia asubuhi fundi aiangalie. Kwa hiyo wenye Probox, mtu akija kuwauzia mkanda wa taimingi mwambieni asante, aende salama.

Hiace za dizeli zenye injini za 2L, 3L na 5L zina mkanda. Zile mpya zaidi zenye 1KD na 2KD, ambazo ni matatu nyingi za abiria 14 (watu bado wanaziita "Nissan" hata zikiwa Toyota), nazo zina mkanda. Zote hizi zikikatika mkanda huumiza valvu. Subaru nyingi za injini ya EJ ni hivyo hivyo. Corolla za zamani za AE100 na AE110 zina mkanda, lakini injini yake ya petroli imeachiwa nafasi: ukikatika gari linasimama tu, kwa kawaida valvu hazigongwi. Utavutwa mpaka kwa fundi, utaweka mwingine, utaendelea.

Kabla ya kikundi kulipa hata shilingi ya kwanza ya gari, ulizeni jambo hili. Katika Luka sura ya 14 kuna habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye huketi kwanza na kuhesabu gharama. Habari hiyo tunaisoma sana siku za harambee ya kanisa. Ingefaa isomwe pia siku ya kwenda kuangalia gari.

MKANDA UNA UMRI GANI?

Kitabu cha gari ndicho kinachosema. Dizeli nyingi za Toyota huandikiwa kilomita 100,000, na nyingine 150,000 kutegemea zilitengenezewa nchi gani. Mimi nashauri vikundi vyetu vishike 100,000 au chini yake, kwa sababu gari letu linabeba mizigo, linapanda milima na kula vumbi. Na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala. Gari ambalo limesimama miaka mingi lisiaminiwe kwa sababu kilomita zake ni chache.

Shida ni gari la mkono wa pili. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, na watu wengi hununua la miaka 7. Maana yake gari linafika bandarini Mombasa likiwa karibu na wakati wa kubadilisha mkanda, au limeshaupita. Fungueni boneti mtazame vizuri. Mafundi wa Japani wana desturi ya kubandika karatasi ndogo kwenye injini au karibu yake wakibadilisha mkanda, yenye tarehe na kilomita. Maandishi ni ya Kijapani lakini namba zinasomeka. Mwaka huenda umeandikwa kwa hesabu yao. Ikiwa ni enzi ya Heisei, jumlisha 1988: Heisei 25 ni mwaka 2013. Ikiwa ni Reiwa, iliyoanza 2019, jumlisha 2018: Reiwa 2 ni mwaka 2020. Halafu linganisheni kilomita za karatasi na za dashibodi. Karatasi ikisema mkanda ulibadilishwa kwenye 120,000 na dashibodi inaonyesha 85,000, basi kuna mtu amerudisha kilomita nyuma, na mmepata jibu la maswali mengine pia.

Kama hakuna karatasi wala risiti, hesabuni kwamba haujawahi kubadilishwa. Badilisheni kabla gari halijafanya kazi hata siku moja. Kikundi nilichowaambia kiliamini neno la mwuzaji.

Toyota nyingi za dizeli zina taa ya manjano kwenye dashibodi iliyoandikwa T-BELT. Huwaka kilomita za kubadilisha zikifika. Haijui hali ya mkanda, inahesabu kilomita tu, na baada ya mkanda mpya fundi anatakiwa kuirudisha ianze upya. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga staata, taa zote za dashibodi hujionyesha kidogo. Ile ya T-BELT isipojionyesha pamoja na wenzake, uliza balbu imeenda wapi. Katika ile Hiace yetu, balbu ilikuwa imetolewa.

SIKU YA KUBADILISHA

Hatuwafundishi kila mmoja awe fundi. Kazi hii apewe mtu aliyeifanya mara nyingi, mwenye vyombo. Lakini kikundi kitume watu wawili wa kusimama hapo tangu mwanzo mpaka mwisho, na wawe wanajua wanachotazama.

Injini iwe imepoa na waya wa betri umetolewa. Fundi atatoa mikanda ya nje, puli ya chini na kava. Kabla ya kulegeza mkanda wa zamani, lazima alete pistoni ya kwanza juu kabisa na kuonyesha alama. Kila puli ina alama yake, na kwenye injini kuna alama inayolingana nayo: ya kranki, ya kamshafti, na kwa dizeli ya pampu. Mwambieni awaonyeshe kwa kidole. Mafundi wazuri hupaka alama hizo tipeksi ili zionekane. Fundi anayesema "hiyo najua kwa kichwa" bado hajawaonyesha kitu.

Mkanda ukishatoka, mtu asizungushe kranki wala kamshafti. Valvu zinaweza kupinda hata kwa mkono.

Hapo sasa ndipo mahali pa kutumia pesa vizuri. Mkanda hauendi peke yake. Kuna tenshena, yaani beringi inayoukaza, na mara nyingi beringi nyingine ya kuuongoza. Zungusheni ile ya zamani kwa kidole karibu na sikio: ikikwaruza au ikichezacheza, imekwisha. Hata isipolia, mimi sikubaliani na wanaoirudisha kwa mkanda mpya. Itatembea kilomita 100,000 nyingine juu ya grisi ya zamani, na ikikwama itakata mkanda wenu mpya kabisa. Tazameni pia sili za oili nyuma ya puli. Oili huozesha mpira, kwa hiyo palipo na unyevu sili ibadilishwe siku hiyo hiyo. Na kama injini yenu ni ya aina ambayo mkanda huu unazungusha pampu ya maji, kama zile Subaru, badilisheni pampu pia, kwani kuifikia baadaye ni kulipa kazi ile ile mara ya pili. Katika Hiace za 2L na 3L pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa nje, msilipie bure.

Mkanda mpya usikunjwe kama kamba ya mbuzi, usigeuzwe ndani nje, usishikwe kwa mikono ya oili, wala usisukumwe na bisibisi. Ukiwa na mishale, ielekee upande injini inakozunguka. Unavalishwa kuanzia chini, upande usio na tenshena ukiwa umenyooka bila kulegea, na upande wa tenshena uwe wa mwisho. Tenshena za springi huachiwa zijikaze zenyewe. Zile zinazosukumwa kwa mafuta, kama za 1KD, hubanwa polepole, hutiwa pini, na pini hutolewa mwisho.

Na sasa jambo ambalo watu wenu wawili wasikubali lirukwe hata kama jua limezama. Kabla ya staata kuguswa, fundi azungushe kranki kwa spana na mkono wake, upande wa injini, mizunguko miwili kamili. Kama alama hazikulingana, pistoni inaweza kugusa valvu na spana ikakwama, na hapo mtu anasimama bila hasara. Asilazimishe. Baada ya mizunguko miwili alama zote zirudi mahali pake. Zikirudi, bolti ya puli ya chini ikazwe kwa spana ya kupima nguvu, kwa kipimo cha injini hiyo, maana ikilegea huharibu krankshafti yenyewe.

Gari likiwaka lakini halina nguvu, linatoa moshi au linagonga, msikubali kuambiwa "itazoea." Jino moja likikosewa halizoei.

BEI NA SPEA BANDIA

Mikanda bandia ipo, yenye maboksi mazuri kuliko ya kweli. Nendeni dukani na namba ya injini, si jina la gari tu. Spea halisi za Toyota za mkanda huu zina namba inayoanza na 13568. Namba hiyo iwe imeandikwa kwenye mkanda wenyewe na ilingane na ya boksi. Dai risiti yenye jina la duka. Mwuza spea asiyetaka kuandika risiti amekwisha kujibu. Na mkanda wa zamani msiuache kwa fundi, urudi nao nyumbani.

Tufanye hesabu ya mfano, nanyi mtaweka bei za kwenu. Tuseme mkanda, beringi, sili na kazi ya fundi vinafika shilingi 20,000. Kutoka Sondu kwenda Kisumu na kurudi ni kama kilomita 100. Kilomita 100,000 ni safari 1,000. Gawanyeni: shilingi 20 kila safari. Gari likienda siku sita kwa wiki, safari hizo 1,000 zinaisha baada ya miaka mitatu na kidogo, na pesa ziko kwenye mkebe tayari, hakuna mwanachama wa kuitishwa mchango wa ghafla. Shilingi 20 hata chai na mandazi haitoshi. Ila mkebe huo usiwe wa dereva. Uwe wa mweka hazina, na uandikwe.

Daftari la gari ni muhimu kama la akiba. Ukurasa wa kwanza uandikwe kwa kalamu nyekundu: mkanda ulibadilishwa tarehe gani, kilomita ngapi, fundi nani, na utabadilishwa tena kilomita ngapi. Andikeni hayo hayo kwenye karatasi mbandike chini ya boneti, kama Wajapani. Viongozi hubadilika kila uchaguzi, na daftari huweza kubaki kwa nyumba ya mwenyekiti wa zamani. Karatasi ya boneti inabaki na gari.

IKIKATIKA NJIANI

Injini ikizima ghafla bila kukohoa, na staata ikizunguka kwa wepesi kuliko kawaida, msipige tena. Msisukume. Kila mzunguko unaweza kupinda valvu nyingine. Sogezeni gari kando likiwa halina gia, wekeni alama za hatari barabarani, hamisheni mizigo, na mwiteni fundi afungue kava ya juu atazame. Ikiwa mkanda umekatika, gari livutwe likiwa halina gia. Msikubali kuwekewa mkanda mpya na kuwasha papo hapo kabla silinda hazijapimwa kama zinashika hewa.

KAZI YA KIKUNDI

Mkikutana, someni somo hili kwa sauti halafu mjibu haya. Injini ya gari letu ni ya aina gani, na ina mkanda au cheni? Nani kati yetu anajua mkanda ulibadilishwa lini, na ushahidi uko wapi? Taa ya T-BELT inajionyesha tukiwasha swichi? Tukigawanya gharama kwa safari zetu, ni shilingi ngapi kila safari, na nani atashika mkebe? Dereva naye aulizwe mbele ya wote, kwa upole: gari likizima njiani ghafla, atafanya nini kwanza?

Vikundi visivyo na gari bado lakini vinachangia, chagueni wawili waende gereji yoyote hapa Sondu wakaombe kuonyeshwa mkanda uliochakaa na mpya, waushike kwa mikono yao, na waje waeleze wengine kwenye mkutano unaofuata.